Matungulu ya ku mulango

Mi nauzishaka kahawa hapa Manika, na banc yangu haikosake batu. Asubui ile kulikuwa tata Shafii, tunamuita Dilolo juu camion yake inaendaka tu kule Dilolo, ku mupaka. Kulikuwa mama Honorine na mutoto wake Gael, mwenye anachimbaka mukuba, ile shaba ya chini. Na Jémima, mutoto wa université, anatafutaka bitu bya pori byenye batu banaweza kula. Kaka mukubwa wa Gael, Muteba, shimo ilimubomokea nyuma ya nyumba yabo. Hatukumutosha mule, mwili yake iko chini mpaka leo. Sasa, katikati ya ile shimo na mulango ya Honorine, matungulu imeota mustari moya. Ile matunda mwekundu, kule chini bachimbaji banaitafunaka, banatema mbegu.

— Mama Honorine, nichimbe moya na mizizi? Jémima akauliza. Ni ya kupeleka ku labo ya université.

— Usiguse, mwanangu.

— Ni chakula tu, mama. Iko na vitamine.

— We ulishakula ya pale?

— Bado.

Dilolo akacheka.

— Muone! Ni mbegu ya Muteba ile. Alitema mu njia yake ya chini.

— Tata, mbegu itapanda juu mu udongo yote ile bila jua? Jémima akauliza.

— Kama kuko mwenye anaisukuma, itapanda.

— Tata Dilolo, Gael akasema, camion inakunywaka mazutu, na we unakunywaka nini?

— Kahawa ya huyu kambo, muzee wetu! Sikia, ile mustari inatembea. Muteba anarudia kwabo.

Honorine akatikisa kichwa, pole pole.

— Alishafika. Njo maana sifungake mulango tena. Sahani yake ya bukari naachaka ku meza usiku. Asubui haina kitu.



Gael akasimama, akavaa lampe yake ku kichwa.

— Mi naenda. Tulifungua tena ile shimo.

— Enda tu, Honorine akasema. Mbele nilikuwa naogopa. Sasa mukubwa wako hayuko kule tena.

Jémima alikuwa anaangalia photo ya matungulu mu téléphone yake.

— Mama, ile ya ku mulango njo kubwa kupita zote. Ya ku shimo ingali kadogo. Si ilianzia ku mulango, inaenda ku shimo?

Honorine akaniangalia. Mi nikaangalia Dilolo. Dilolo akaangalia kikombe yake.

Honorine akakamata mukono ya Gael.

— Mama, unaniumiza.

Hakumuachia.