Usikate Hapo, Pana Mtu

Mheshimiwa Diwani wetu, uliyeacha vikao vyako ukaja kukaa nasi kwenye joto hili. Wachungaji na wazee wa makanisa, mlioalikwa na mliokuja kuchungulia. Bwana Mansukhlal, mwenye ghala hili, ambaye leo umekaa kiti cha mbele ilhali juzi tu hapa palijaa marobota yako ya vitenge. Majirani zetu wa Mtaa wa Msimbazi, Waislamu kwa Wakristo. Mchungaji Bakili, mdogo wangu wa tumbo moja. Na Mama yetu, Bibi Atuganile, ambaye itifaki ingekuwa na akili ningekutaja wa kwanza: shikamoo, Mama.

Ameitikia. Sasa naweza kuendelea.

Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum! Na wale wasioitikia yote mawili, hamjambo?

Nimepewa kazi moja tu leo, kukata utepe wa kanisa hili jipya. Mkasi ule pale kwenye sinia, umefungiwa ua. Mshereheshaji ameniambia niseme machache, nikate, watu waingie, ibada iishe, wale pilau. Lakini ndugu zangu, tangu asubuhi situlii. Nimekaa, nimesimama, nimetoka nje, nimerudi. Mtu anayeuza vitambaa Kariakoo tangu enzi za kupanga foleni anaogopaje mkasi? Leo naogopa, na nitawaambieni kwa nini, na atakayenuna anune.

Nianze na jambo ambalo wazee wenzangu wa usharika wanalinong'ona juu yangu nikiwapa kisogo. "Shukuru amegeuka. Shukuru ni Mkatoliki wa kificho, kaweka picha ya Papa dukani." Picha ipo, kweli. Iko juu ya rafu ya khanga, njooni mwione. Mimi ni Mprotestanti wa kuzaliwa. Siungami kwa padri. Rozari sijui hata inaanzia wapi. Siku yangu ikifika nitazikwa kwa nyimbo zetu, kwa sauti zote nne, na waimba besi wasikosee kama kawaida yao! Lakini yule mzee wa Roma nampenda, na nalisema kwenye kipaza sauti ili msijichoshe tena kunong'ona.

Mnakumbuka mwaka ule wa tisini alipokuja? Bidhaa zilikuwa zimeanza kuingia, kila kitu ruksa, na Bwana Mansukhlal akatuletea vitenge vyenye picha yake. Vilinunuliwa kama njugu. Dukani tulikuwa wawili, mimi na Bakili, duka moja, chumba kimoja, sahani moja. Bakili ndiye aliyekuwa mkataji. Akaja Bi Candida, mke wa jirani yangu Mzee Kasmir, yule fundi cherehani anayecheka hapo kwa sababu anajua ninakoelekea. Akataka kitenge. Bakili akapima kama anavyopima khaki ya shule, macho kwenye rula, picha wala haitazami. Mkasi ukaanza kuingia. Bi Candida akapiga ukelele mpaka wachukuzi wa barabarani wakasimama na mizigo kichwani: "We Bakili! Usikate hapo, pana mtu!"

Tukatazama. Mkasi ulikuwa umekaribia shingo ya Baba Mtakatifu, bado kidogo tu.

Tulicheka jamani! Bakili alicheka mpaka akakaa juu ya robota. "Mama, si picha tu?" Bi Candida hakucheka. "Picha, ndiyo, lakini pana mtu. Kata kando." Tangu siku ile tukawa tunakata kati ya picha na picha, hata kama kitambaa kinapotea. Na Mzee Kasmir akishona alihangaika kukigeuza kitambaa huku na huku, ili ile sura isije ikaangukia pa kukalia. Mteja akimharakisha, "Fundi, si ushone tu?" anang'aka: "Ili ukamkalie nani?"

Siku ya misa Jangwani, Kasmir akanivuta mkono. "Twende bwana, hutakufa." Nikaenda. Nilichokiona ni kitu cheupe kwa mbali, hata uso sikuuona. Ila nilimwona Kasmir. Mnamjua huyu bwana: hajapata kumsifu paroko wake hata siku moja. Mara mahubiri marefu, mara michango imezidi, mara kwaya inapiga makelele. Kagombana na nusu ya jumuiya yake. Lakini pale alisimama bega kwa bega na walewale aliogombana nao, wakaitikia pamoja, na wa Songea, na wa Bukoba, na Wagoa wa mjini. Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza, "Kasmir, kwa ugomvi wako huo, mbona hujafungua kanisa lako?" Akanitazama kama nimeingiwa na wazimu. "Nifungue langu? Na yule mzee nimwachie nani?"

Niliona wivu, ndugu zangu. Wivu hasa. Si wa dhahabu yao, wala wa kofia zao. Yule mzee hakuanzisha kitu. Kiti amekikuta, amekikalia, atakiacha. Na kila misa anatajwa. Anayemtaja hapa Msimbazi na anayemtaja kule kwetu Rungwe hawajuani, lakini wanamwombea mtu mmoja. Na sisi je? Babu zetu katika imani walimkataa papa mmoja, walikuwa na sababu zao, sizibishi. Lakini ndiyo tuwe na papa kila penye kipaza sauti?

Hebu geukeni msome lile bango. "Mchungaji Bakili, Mwanzilishi na Kiongozi Mkuu." Usiiname, Bakili. Unahubiri kuliko mimi. Wagonjwa unawatembelea kuliko sisi wazee wote wa usharika tukijumlishwa. Walipokunyima mimbari eti huna cheti walikuonea, na kikaoni niliwaambia hivyo wakanikunjia nyuso. Lakini ukaondoka. Ruksa kufungua duka, ruksa kufungua kanisa. Na tangu uondoke, kuna jambo nyumbani kwetu ambalo waalikwa hawa hawalijui.

Mama haendi kanisani.

Mimi na Bakili bado tunakaa ua mmoja. Kila Jumapili Mama anaoga, anavaa gauni lake jeupe, anafunga kitambaa, anachukua Biblia na kitabu cha nyimbo, anakaa kwenye benchi uani. Mimi namwambia, "Mama, twende." Bakili anamwambia, "Mama, gari liko tayari." Naye anatujibu, "Nikimfuata mmoja nimemwacha mwingine. Nendeni. Mimi nipo hapahapa." Tunatoka, huyu kulia, huyu kushoto. Tukirudi tunamkuta palepale, ameimba peke yake mpaka sauti imekauka. Mwanamke aliyetufundisha kuimba! Inaniuma. Naapa inaniuma kuliko njaa.

Wiki iliyopita Bakili alikuja dukani. "Kaka, njoo ukate utepe wewe. Mama akiona umekata, atajua umeridhia, atakuwa anakuja kwangu." Aliomba kwa adabu, machozi yanamlenga. Ningemkataliaje? Na Mama amekuja leo kwa sababu amesikia wanawe wote wawili watakuwa mahali pamoja. Hakuja kwa ajili ya utepe.

Mshereheshaji, usinionyeshe saa, namaliza. Nipe huo mkasi.

Nimeushika. Kazi yangu ni kukata. Lakini nikikata hapa, nimesema mbele yenu kwamba tumegawana, na Mama ameangukia upande mmoja. Bakili, ile sauti ya Bi Candida unaikumbuka? Mimi naisikia sasa hivi. Usikate hapo, pana mtu.

Pokea mkasi wako, mdogo wangu. Sikati. Utepe wenyewe umefungwa fundo tu kwenye nguzo; ninaufungua, ninaukunja, ninampa Mama auweke ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Leo naingia kwako, nitakaa kando ya Mama, nitaimba. Jumapili ijayo utakuja kwetu, ukae kando yake upande wa pili, wazee wanune wasinune. Jumapili ya baada ya hapo sijui itakuwaje. Sisi hatuna mzee wa Roma wa kutufanya tuone haya kuachana. Tunaye huyu.

Mheshimiwa Diwani, Bwana Mansukhlal, majirani, mmenivumilia na kiherehere changu. Kwa masikio yenu nasema asanteni sana. Mama, inuka, shika mkono wangu. Bakili, mbona umesimama? Njoo ushike ule mwingine. Mlango ni mwembamba, lakini tukibanana tutapita.