Nilivyorudia Gemu Nikiwa na Mvi

Ndugu zangu wa kikundi cha kusaidiana, habari za mchana. Kila mmoja aniitikie kwa salamu ya dini yake, Mungu atazipanga mwenyewe.

Dada aliyetangulia ametueleza alivyoacha pombe, na nimeona watu wakitoa leso. Poleni, maana anayefuata ni mimi. Mimi sikuja kueleza nilivyoacha kitu. Nimekuja kueleza nilivyorudia gemu. Ndiyo, gemu, hizi za kuchezea kwenye televisheni. Cheka tu, kaka wa pale dirishani. Ningekuwa kwenye benchi lako ningecheka zaidi.

Kwanza mnijue. Nina miaka arobaini na saba, nina digrii ya historia, na huwa naandika makala magazetini kuwafundisha watu wengine namna ya kuishi. Gemu nilizijua chuoni. Mwenzetu mmoja bwenini alikuwa na mashine ya gemu ya kanda, na sisi wasomi wa taifa tulipanga foleni kumrusha kibwana mmoja juu ya mashimo. Nilifaulu mitihani yangu, sijui kwa neema gani. Nilipopata kazi hapa Tunduma, kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha, mshahara wa kwanza ulininunulia godoro, na wa pili ukaninunulia mashine yangu mwenyewe. Mke wangu alipoolewa aliikuta ndani kama mtu anavyomkuta mama mkwe.

Miaka kumi na mitano nilijaza fomu za malori na kugonga mihuri. Kisha asubuhi moja tulifika kazini tukakuta kufuli. Tajiri ameshahama na makaratasi yake. Sitamtaja, na wanaomjua wanyamaze.

Hapo ndipo nilipohamia kwenye banda la gemu kule Mpemba, kando ya barabara. Mnajua foleni ya malori inavyokuwa. Dereva anakaa siku tatu, nne, akisubiri kuvuka. Madereva walikuwa wanakuja pale kuua muda kwa gemu ya mpira. Sheria ya banda ilikuwa moja: ukifungwa unainuka, unampa mwenzako pedi ya kuchezea na kiti. Ukishinda unabaki umekaa.

Nawaambia, mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimegundua njia moja ambayo mashine haikuwa na dawa yake: krosi kutoka kulia, yule mshambuliaji mrefu anaruka, goli. Krosi, kichwa, goli. Nilimwinua dereva wa Tanga, nikamwinua wa Lusaka, nikamwinua fundi matairi. Wakaniita Profesa. Mtu aliyefungiwa ofisi, jamani, akiitwa Profesa na umati wa watu ishirini anavimba. Mke wangu alikuwa sokoni akishona sare za shule kutwa nzima ili tule, nami narudi jioni nimenyoosha shingo kana kwamba nimetoka bungeni.

Siku moja yule dereva wa Tanga, nimeshamfunga mabao manne, aliinuka, lakini hakunipa mkono.

"Profesa," akasema, "nikwambie kitu? Wewe huchezi."

"Sichezi nini, na umefungwa manne?"

"Huchezi. Wewe unagonga mihuri." Akafanya mkono wake kama mtu aliye mezani: "Huyu, goh! Haya, anayefuata. Huyu naye, goh! Anayefuata!"

Banda zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kwa meno. Lakini mechi iliyofuata nilipiga krosi, yule mrefu akaruka, goli, na moyoni hapakutikisika kitu. Ilikuwa kama kula nyama ukiwa na mafua. Unatafuna, unajua ni nyama, basi. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa yake, nikashinda, wala sikusikia ladha. Madereva nao wakaanza kunikwepa. Nani atatoka kwenye foleni ya lori akapange foleni ya kufungwa goli lilelile?

Nikaacha kwenda. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana watu walinipongeza. Jirani alinishika mkono akasema, "Hongera, mzee. Umekua sasa." Nami nikakubali kwamba nimekua. Lakini baada ya gemu, redio ikafuata. Sikutaka tena kuisikia. Magazeti yakafuata. Nikaacha kuandika. Nikaacha kwenda uwanjani, nikaacha kubishana siasa, mimi niliyewahi kubishana na maiti. Usingizi ukanikimbia. Nilikuwa nakaa sebuleni mchana kutwa na suruali ya kulalia, na mtu akiniuliza naendeleaje nasema "salama".

Kwa kuwa mimi ni msomi, nilijitibu mwenyewe. Nikasema tatizo ni gemu zimechakaa, nitafute mpya. Nikanunua ya vita. Siku mbili, imekufa. Nikanunua ya magari, ikafa siku moja. Ya mieleka ilikufa kabla sijamaliza chai. Mwishowe nikavuka mpaka, nikamwendea mwuza diski mmoja upande wa Zambia aliyezipanga chini juu ya turubai.

"Mulishani mukwai, bamudala," akanisalimu kwa Kibemba, akiniita mzee. "Watafuta ya kupiga watu?"

"Natafuta yoyote itakayonifurahisha."

Aliniangalia kidogo, akachomoa diski isiyo na jalada. "Hii yatoka mbali. Maandishi sijui ya wapi. Lakini yacheza. Chisuma sana, nzuri hii."

Jioni ile, kabla sijaiweka diski kwenye mashine, mke wangu alikuja akasimama mbele ya televisheni. Alikuwa na futi yake ya kupimia shingoni.

"Baba, mimi nakwenda kwetu Ihanda."

"Kuwasalimia?"

"Kukaa. Kaka anakuja Ijumaa na pikipiki."

Watoto wetu walikuwa shule za bweni. Akiondoka, nyumbani nabaki mimi na samani. Nikamwuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea. Ungenikosea tungegombana, yangeisha. Nimechoka kuishi na mtu aliyezimwa."

Ilikuwa Jumapili. Mnafikiri nilimpigia magoti? Sikupiga. Nilisikia maneno yale kama mtu anayesikia taarifa ya hali ya hewa ya mkoa mwingine. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo, ndugu zangu, na sitaki kuipamba. Nilijua kwamba ninampoteza mtu, na sikuweza kuupata uchungu wake.

Jumatatu nikaweka ile diski. Akatokea kijana mwenye kofia na jembe, amesimama kwenye kijishamba chenye uzio. Maandishi yalikuwa kama nyayo za kuku. Kuku wenyewe pia walikuwepo, watatu. Nikajua hao ndio adui. Nikawafukuza kwa jembe siku nzima, hawafi. Jumanne nikagundua kijana ana mbegu, nikapanda, nikamwagilia. Hakuna kilichoota. Nikamwagilia tena na tena mpaka kijana akazunguka kama mlevi akaanguka, na mashine ikanirudisha mwanzo, shamba jeupe. Nikarudia. Akaanguka. Nikarudia. Nilihesabu, alianguka mara tisa.

Jumatano mchana mvua ilinyesha, soko likafungwa mapema, mke wangu akarudi. Mabegi yake mawili yalikuwa tayari kando ya mlango. Alikaa kwenye kochi akamalizia pindo la sketi ya mtu. Kisha nikasikia:

"Wewe, ulitaka apigane na kuku?"

Nikamwambia gemu ni mbovu. Mtu analima, hakioti kitu, anaanguka.

"Analima toka saa ngapi?"

"Toka jana."

"Amelala saa ngapi?"

"Nani?"

"Huyo mkulima wako."

Nikamwambia gemu hazina mambo ya kulala. Nilimweleza kwa sauti ile ya mihadhara. Akaiweka sketi pembeni.

"Mume wangu msomi. Mimi nimezaliwa kwenye kahawa. Umepanda, umemwagilia, unasimama juu ya tuta unasubiri iote leo leo? Na ile nyumba pale ni ya nani?"

Kulikuwa na kijumba. Siku tatu nilikiona, sikuingia. Aliichukua pedi mkononi mwangu. Miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kuigusa. Alimwongoza kijana kama mtu anayeingiza baiskeli mlangoni, akagonga ukuta, akagonga pipa, akaingia. Ndani kulikuwa na kitanda. Akamlaza.

Skrini ikawa nyeusi. Ukapigwa muziki mdogo. Kisha jogoo akawika, tarehe ikabadilika, tukatoka nje, na pale kwenye matuta, ndugu zangu, ulikuwa umechomoza mche baada ya mche, kijani.

Ile mashine ilikuwa haihesabu siku mpaka mtu alale. Haitunzi kazi yake pia mpaka alale. Mimi nilikuwa namfanyisha kazi kijana wa watu siku moja isiyoisha, kisha nalalamika kwamba hakuna kinachoota.

"Umeona?" akasema. "Na umepanda karibu karibu mno. Hayo yatasongana."

"Nafasi zimepangwa na mashine."

"Basi mashine nayo haijui kilimo."

Nikacheka. Sikucheka sana, ilinitoka puani tu, kama chafya. Lakini wote wawili tuligeuka kutazama nani amefanya vile.  Mke wangu alirudisha macho kwenye skrini, akaenda kuwalisha kuku.

Alhamisi hakwenda sokoni. Tulilima. Alinizuia kumwagilia kwenye mvua, akaniuliza huko chuoni nilisomea nini hasa. Umeme ukakatika tukiwa katikati ya palizi, na siku nzima ya kazi ikapotea. Alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Ijumaa shemeji akafika, amelowa matope toka viatuni mpaka kwenye kofia. Alitukuta tunavuna.

"Dada, mizigo iko wapi?"

"Kaka, kaa kwanza. Hizi zikizidi kesho zinaoza."

"Zipi?"

"Figili. Angalia pale."

"Nani anakula figili?" Akakaa. "Na hilo banda la kuku nani kaliweka bondeni? Mvua ikija?"

"Muulize shemeji yako."

"Dada, nimechoma mafuta toka Ihanda kuja kukuchukua."

Hapo nilikuwa nimeishika pedi kwa mikono miwili, na uchungu ule nilioukosa Jumapili ulikuja wote kwa pamoja. Nikamwambia mbele ya kaka yake, "Usiende." Neno moja tu. Mimi mwandishi wa makala ya maneno elfu mbili.

 Mke wangu akamwambia kaka yake, "Kunywa chai, urudi. Mwambie mama nitakuja wakati wa kuvuna kahawa, na huyu nitakuja naye." Shemeji alikunywa vikombe vitatu, na hakuondoka mpaka tulipohamisha banda la kuku.

Sisemi kwamba nilipona Ijumaa ile. Kulikuwa na wiki nilizorudi kwenye suruali ya kulalia. Lakini nilianza kulala. Nikaanza kukasirika, jambo ambalo mke wangu alilishangilia. Nikarudi kuandika. Siku hizi nawajazia wafanyabiashara wadogo fomu zao za forodha, nina meza na kiti, na mihuri naigonga kwa adabu. Na gemu zimerudi. Nimepata ya kujenga mji, ambapo wananchi wangu wanalalamikia maji kama sisi. Nimepata ya treni. Kule Mpemba nilikwenda tena mara moja, nikacheza bila ile krosi, nikafungwa matano na kondakta, nikainuka nikampa mkono. Sijui kama nimewahi kuufurahia mchana namna ile.

Shukrani. Dereva wa Tanga, popote alipo barabarani, Mungu amlinde. Aliniambia ukweli mbele za watu na sikumnunulia hata soda. Yule mwuza diski. Shemeji, kwa mafuta yake. Ninyi wa kikundi hiki, mlionipokea siku ya kwanza nilipokuja nikidanganya kwamba namsindikiza jirani. Hakuna aliyeniuliza jirani yuko wapi. Na mke wangu. Nikiongeza neno hapo atanikata jicho.

Mkitaka funzo, ninalo moja. Ukiona kitu ulichokipenda kimekufa mkononi mwako, usikubali haraka watu wakuambie umekua. Huenda umechoka. Huenda umekigeuza kazi. Kaa chini, mpe pedi mtu asiyejua kucheza, umtazame anavyogonga kuta.

Shamba lile tulilimaliza, tukanunua gemu nyingine ya kulima, ya watu wanne. Watoto wakija likizo tunacheza wote. Ndani ya nyumba yetu mimi ndiye mkulima mbaya kuliko wote: nimeunguza mahindi, nimeuza ng'ombe kwa bahati mbaya, na juzi binti yangu amenipokonya jembe akanipa kazi ya kufungua geti. Nasimama mbele yenu nikiwa mtu mzima mwenye digrii na mvi, nafungua geti, na nawaambia bila haya: nalifungua vizuri sana.