Nywele za Canela Ziko Ulingoni Leo

Benchi la nje ya saluni ya don Evaristo, mitaa mitatu kutoka ukumbi wa mieleka wa Puebla, lilichongwa kwa ajili ya watu watatu, lakini tangu liwekwe pale halijawahi kukosa mtu wa nne wa kusimama kando yake. Jumatatu ile mlima wa volkano ulio karibu na mji ulikuwa umetema majivu tangu alfajiri, na kila aliyefika alipangusa nafasi yake kwa gazeti kabla ya kuketi. Wakili ndiye aliyetangulia kama kawaida yake. Alisoma sheria miaka miwili, akaishia kuuza tiketi za bahati nasibu, na hujigamba kwamba hajawahi kushindwa kesi hata moja, jambo ambalo ni kweli kwa kuwa hajawahi kupewa. Kisha akaja Mbavu, fundi wa mabasi, ambaye ujanani alipanda ulingoni mara kumi na moja na kuvunjwa mbavu mara tatu, na hesabu hizo anazitaja kama mwanajeshi anavyotaja vyeo vyake. Doña Remedios alikaa mwisho wa benchi na chungu chake cha kahawa ya mdalasini na sukari guru. Mwenye kijiwe hasa ni yeye, maana akiinua chungu akaondoka, hakuna kikao. Don Evaristo mwenyewe, mwenye saluni, alisimama mlangoni na taulo begani, akijifanya anasubiri wateja.

Ng'ambo ya barabara, ukutani, kulikuwa na bango. Wanawake wawili walitazamana: upande mmoja Canela, nywele hadi kiunoni, tabasamu la kuuza dawa ya meno, upande wa pili Talacha, shingo nene, pua iliyovunjika mara mbili, jina lake likiwa lile wanaloitia kazi ya kuziba pancha na kuzibua mabomba. Chini yao maandishi makubwa yalisema nywele kwa nywele. Atakayeshindwa usiku huo atanyolewa kipara palepale ulingoni, watu wote wakiangalia. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, bango lilitaja kinyozi: don Evaristo Tecuapetla, baba yake Canela.

Kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo mengine asubuhi hiyo.

— Canela hanyolewi, alisema Wakili akipuliza kahawa. Mwandike mahali, mje mnidai.

Alikuwa na sababu, na alizipanga kwenye vidole kama yuko mbele ya hakimu. Sura ya yule binti iko kwenye mabango, kwenye kalenda, kwenye fulana wanazouza mlangoni. Promota gani mwenye akili timamu atanyoa kalenda yake mwezi wa Machi? Wazuri huwa hawanyolewi. Wananyolewa wale ambao hakuna atakayeona tofauti.

Mbavu aliweka kikombe chini kwa kishindo. Alisema hayo ndiyo maneno ya watu wanaokuja ukumbini kununua karanga. Mieleka ni mikabo, na mikabo anayo Talacha. Akaanza kuitaja, mwaka kwa mwaka: yule wa Veracruz aliyekaliwa mgongoni kama farasi mpaka akalia, yule mrefu wa Monterrey aliyefungwa fundo la miguu, wale mapacha waliobanwa shingo wote wawili kwa wakati mmoja. Alikumbuka hadi dakika.

— Talacha anajua mikabo arobaini, alimaliza. Canela anajua kutabasamu.

Mbavu akageuza shingo polepole kuelekea mlangoni.

— Samahani, don Evaristo. Nasema kwa heshima zote.

— Sema tu, alijibu Evaristo. Benchi ni la wote.

Alisema hivyo huku anakunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. Kwa kweli maneno ya Wakili yalimtuliza, na ya Mbavu yalimchoma, kwa sababu tangu bango libandikwe hakuwa na raha hata ya kumeza mkate. Miaka kumi na moja amekuwa kinyozi wa ukumbi ule. Amenyoa wanaume wenye vilio vya watoto na wanawake wasiotikisika hata kope. Lakini nywele za Zenaida, kwa maana ndilo jina la Canela nyumbani, amezipunguza ncha kila tarehe mosi tangu binti akiwa na miaka mitano, na hajawahi kutoa zaidi ya upana wa kidole. Alikwenda kumwomba promota atafute mtu mwingine. Promota alicheka, akasema watu wanakuja kuona hilo hasa, baba akimnyoa bintiye, na wiki hiyohiyo ndipo maandishi madogo yalipoongezwa. Alimwomba Zenaida ajitoe. Zenaida alimwuliza anaogopa nini, naye akageukia kunoa wembe.

Benchi lilikuwa limeshapamba moto. Doña Remedios alitoa nadharia yake: uzuri wenyewe ni mkabo. Mpinzani akimwona mzuri anasita, na kusita nusu sekunde ulingoni ni kulala chali. Wakili akaupokea mpira huo akakimbia nao mbali zaidi. Alisema siri iko kwenye nywele zile, zina uzito wa kilo mbili, si chini, na ndizo zinazomfanya Canela asianguke kifudifudi akiruka kutoka juu ya kamba. Ni sayansi. Mnyoe leo, kesho hawezi hata kupanda ngazi.

— Umewahi kubeba nywele wewe? aliuliza doña Remedios, akikitazama kichwa cha Wakili kinavyong'aa.

Mbavu alicheka hadi akashika ubavu, halafu naye akatoa yake. Sura ya Talacha, alisema, si bahati mbaya. Ni mpango. Pua amejivunja mwenyewe ili isishikike. Masikio ameyalaza ili yasivutike. Kichwa kile ni kama jiwe la mtoni, huna pa kukamata.

— Na macho yake yana rangi gani? doña Remedios akamwuliza. Miaka kumi na miwili unamwangalia.

Mbavu alifikiri.

— Anayo mawili, alisema. Hapo sina shaka.

Walikuwa wamefika pale ambapo Wakili anasimama ili aonyeshe jambo kwa mikono, na doña Remedios anamimina kahawa ya pili bila kuulizwa, Zenaida alipotokea kwenye kona. Alikuwa anatoka mazoezini, mkoba begani, nywele zimesukwa mkia mmoja unaompiga kiunoni, sikio la kushoto limevimba, uso haujapakwa chochote. Hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani. Alimbusu doña Remedios shavuni, akawasabahi wazee, na wanaume wawili wakaruka kumpisha nafasi. Hakukaa. Alipokea kikombe, akakinywa chote akiwa amesimama.

— Jumatatu iliyopita mlikuwepo? aliuliza.

— Tulikuwepo wote, alisema Wakili kwa furaha. Safu ya nne, katikati. Ulishinda vizuri sana, binti.

— Nilishinda. Kwa mkabo gani?

Lilikuwa swali dogo, la kumwuliza mtoto anayetoka ukumbini na mama yake. Wakili alifungua mdomo kama mtu mwenye majibu matatu. Alisema ulikuwa ule, ule alipovaa nguo ya kijani, ile yenye vimetameta mabegani, na buti mpya nyeupe. Alikumbuka kwamba refa alihesabu. Alikumbuka alivyorusha nywele nyuma. Mkabo hakuukumbuka. Doña Remedios alikiri kwamba yeye aliona uzi unaning'inia kwenye pindo la nguo, akawa anauwazia huo tu mpaka mwisho. Wote wakamgeukia Mbavu.

Mbavu alikuwa amejikunja juu ya kikombe chake. Huyu ndiye mtu aliyetaja mkabo wa Monterrey na dakika yake. Alianza kusema kwamba alimkalia yule mwenzake, akaacha, akasema hapana, hakumkalia. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na ilikuwa haki yake.

— Sijui, binti, alisema mwishowe. Sikutazama. Nilishaamua kwamba hamna cha kutazama.

Zenaida alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei aliyoitegemea. Kisha akamtazama baba yake.

— Baba, wewe ulikuwa chini ya kamba, hatua mbili kutoka kwangu. Waambie.

Evaristo angeweza kubahatisha. Mikabo anayoijua kwa majina ni mingi, na watatu wale wasingembishia. Lakini binti yake alikuwa anamngoja kwa uso uliojaa matumaini, kana kwamba anajua hapo ndipo jibu lilipo, na hilo lilimvunja.

— Nilifumba macho, alisema. Nafumba kila Jumatatu. Mtu akikugusa tu nafumba, nasikiliza kelele za watu mpaka kengele ilie. Miaka mitatu sasa, mwanangu. Sijakuona ukipigana hata siku moja.

Maneno ya vijiweni Zenaida alikuwa ameyazoea, lakini haya yalimwingia. Aliweka kikombe chini, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

— Kwa hiyo leo nikishindwa utaninyoa kichwa bila kujua nilikosea wapi. Na nikishinda hutajua nimefanya nini.

Evaristo alilitundika taulo kwenye kitasa. Alishuka ngazi mbili za saluni yake, akasimama mbele ya binti yake kwenye majivu ya barabarani, na akamnyooshea mkono wa kulia.

— Nionyeshe.

— Baba, mkabo ule unauma.

— Nionyeshe mkabo wa Jumatatu iliyopita. Macho nimeyafungua.

Alikuwa ameyafungua kweli. Aliona vidole vya Zenaida, viwili vimezungushiwa plasta, vikimshika kifundo cha mkono si kwa nguvu bali kwa mahali. Aliona kidole gumba kikitafuta kishimo kati ya mifupa na kukipata. Mkono wake ukazungushwa mara moja, kiwiko kikakaa kwenye kwapa la binti, mguu wa binti ukapita mbele ya goti lake, na ghafla mwili wake wote wa miaka sitini na moja ukawa umeinama na hauna pa kwenda. Hakusukumwa. Hakuvutwa. Kila alikotaka kutokea palikuwa pameshafungwa, na mlango uliobaki ulikuwa wa maumivu, yakipanda kutoka kifundo hadi bega, safi, yenye mpango. Evaristo alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Kazi nzuri alikuwa anaijua, maisha yake yote amefanya kazi ya mikono. Hii ilikuwa kazi nzuri.

Mbavu alikuwa amepiga magoti barabarani, shavu karibu na lami.

— Mguu uko ndani, alikuwa anapiga kelele. Wakili, njoo uone, mguu uko ndani ya goti, si nje. Mungu wangu, hatoki mtu hapa. Hatoki hata nyati.

Watu wa duka la viatu walitoka. Dereva wa teksi alisimamisha gari katikati ya njia. Wakili alizunguka upande wa pili ili aone kiwiko, akimwaga kahawa yake yote bila kujua, na doña Remedios alisimama juu ya benchi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya sherehe za uhuru. Evaristo alipiga benchi kwa kiganja cha kushoto, mara tatu, kukubali kwamba ameshindwa, na mara hiyohiyo Zenaida akamwachia, akaanza kumsugua bega.

— Nani kakufundisha huu? Mbavu aliuliza, bado yuko chini.

— Talacha.

Benchi zima likaguna.

— Kila asubuhi, miaka miwili, alisema Zenaida. Alisema nina mikono ya kinyozi, nisiiache ilale.

— Basi dawa yake anaijua, alisema Wakili.

— Anaijua. Na mimi nina mingine ambayo hamjawahi kuitazama.

Hapo ndipo zogo lilipoanza upya, na safari hii lilikuwa zogo la watu wenye njaa. Mbavu alitaka kujua uzito unakaa mguu upi. Wakili alitangaza kwamba amebadilisha msimamo wake, kisha akashindwa kueleza ni upi. Dereva wa teksi, akipigiwa honi na mji mzima, aliuliza tiketi za safu ya mbele zimebaki au zimekwisha.

Evaristo alijaribu kuinua mkono wa kulia. Ulifika kwenye mkanda, ukagoma. Vidole vilikuwa na ganzi, na alipojaribu kukunja ngumi, kidole gumba tu ndicho kilichoitika. Wakili ndiye aliyeliona kwanza.

— Don Evaristo, na leo? Mkono huo utashika mashine?

— Hautashika hata kijiko, alisema Evaristo. Watafute kinyozi mwingine. Mwambieni promota nimepata ajali kazini. Mimi leo nakaa safu ya nne, naangalia.

Zenaida alimtazama, akataka kusema kitu, akacheka badala yake, akamshika baba yake kichwa kwa mikono miwili na kumbusu kwenye paji la uso. Doña Remedios alishuka kwenye benchi taratibu, akachungulia chungu chake, akakuta kimebaki kijiti cha mdalasini peke yake.

— Evaristo, alisema, ulipokuwa unanyoosha mkono wa kuvunjwa, si ulikuwa na wa kushoto pia?

— Nilikuwa nao, alijibu Evaristo. Huo nimeuweka wa kushangilia.