Kitufe cha Sifuri cha Mama Khalayi

Tafadhali soma karatasi hii ukiwa peke yako, kisha uikunje na kuirudisha ndani ya programu ya sherehe. Usiisome kwa sauti, usiipige picha, usiitume kwenye kikundi cha WhatsApp cha zamu yako, hata kama kikundi hicho ni cha watu wazuri. Wasifu ulioidhinishwa uko ukurasa wa tatu wa programu, chini ya ratiba ya chakula. Ule ni wa nusu ukurasa na hauna kosa lolote. Huu ni ule mwingine. Nina kandarasi ya mwaka mmoja, na imebaki miezi minne.

Bi. Zipporah Khalayi anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha sukari kwa miaka thelathini na mmoja na siku ishirini na nane. Aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya usalama, kisha akawa mkufunzi wa usalama, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara mbili. Mara zote mbili daraja la kwao Navakholo lilikuwa limebebwa na maji, na mara zote mbili alileta barua ya chifu kuthibitisha.

Kazi tutakayomkumbukia ni hadithi aliyoitunga kufundishia waajiriwa wapya, "Zamu ya Jioni". Kwa waliosahau: wewe ni mfanyakazi wa siku ya kwanza kwenye kinu. Mkono wa shati la mwenzako, Barnaba, unanaswa na mkanda unaopeleka miwa. Ukitaka kukimbilia swichi nyekundu, bonyeza moja. Ukitaka kumvuta, bonyeza mbili. Kila jibu linakupeleka ukurasa mwingine, na huko kuna swali lingine. Mwaka 1999 zilikuwa kadi za manila ndani ya kasha la viatu. Sasa iko kwenye kompyuta kumi na mbili za chumba cha mafunzo.

Ukikosea, Barnaba anakufa haraka. Usipokosea hata mara moja, unafika ukurasa wa thelathini na moja. Mkanda umesimama, daktari ameshaitwa, na Barnaba amelala sakafuni akikutazama. Unaulizwa kama utakimbia kumhimiza daktari au utakaa umshike mkono. Vyovyote utakavyochagua, Barnaba anakufa.

Jambo hili halikupokelewa vizuri. Watu wa karakana walijaribu mara kumi na saba, wakiandika njia zao kwa chaki ukutani. Kisha Weldon, fundi wa umeme, alitangaza kantini kwamba ipo njia ya siri ambayo kwayo Barnaba hupona, na kwamba angemwelekeza yeyote atakayemnunulia soda. Mama Khalayi alipopata habari alimfuata hadi mezani, akavuta kiti.

"Weldon mwanangu, hiyo njia nionyeshe na mimi. Nimekuwa nikiitafutanga tangu tisini na nane."

Kantini nzima ilicheka. Weldon naye alicheka, kisha akamnunulia soda yeye.

Chini ya kila ukurasa kuna kitufe kimoja zaidi, sifuri. Ukikibonyeza, hadithi inafungwa, skrini inaandika "Asante kwa kufika hapa," nawe unatoka nje. Hakuna anayekuuliza sababu, na kompyuta haiandiki jina lako. Wengi waliotoka walienda kukaa chini ya tangi la maji, kwa sababu ndipo penye kivuli, na baada ya dakika kumi hivi Mama Khalayi aliwafikia na kikombe cha chai.

Bramwel wa boila alibonyeza sifuri ukurasa wa kwanza kabisa. Mwezi uliotangulia alikuwa amemzika kaka yake, aliyeangukiwa na trekta ya miwa.

"Mama, si hata ungeandika apone mara moja tu?"

"Ningeandika, na wewe ungejua nakudanganya. Kunywa chai."

Bramwel alirudi baada ya wiki mbili, akafika ukurasa wa tano. Ilimchukua miezi minane kumaliza. Mwaka 2021, mkanda wa kweli uliponasa mkono wa koti la Edah wa maabara, aliyefika kwenye swichi nyekundu ni Bramwel. Wenzake wawili, waliomaliza mafunzo kwa asubuhi moja, walikuwa wakipiga kelele. Edah yupo leo hemani. Anagawa mandazi kwa mikono yote miwili.

Meneja wetu mpya wa mafunzo, Bw. Chrispinus, ni mtu mpole na anapenda mambo yaende mbele. Katika mkutano wa Machi aliuliza, "Lakini mama, mchezo gani huu hauna mshindi?"

"Nani alikwambia ni mchezo, Bwana Chrispinus?"

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za mkutano huo. Niliandika kwamba majadiliano yaliendelea. Yalipokwisha iliamuliwa kwamba ukurasa wa thelathini na moja utolewe, Barnaba apone, na anayemaliza apewe alama. Kwamba sifuri iwekewe kumbukumbu, na majina ya wanaoibonyeza yapelekwe kwa wasimamizi wa zamu kabla kandarasi hazijatolewa upya. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa kuwa nilisomea kompyuta chuo cha Sigalagala. Inatakiwa iwe tayari Jumatatu.

Jumanne iliyopita Mama Khalayi aliniita ofisini kwake akanikabidhi kasha la viatu. Kadi ya thelathini na moja imelainika kingo kama noti ya zamani. Aliniambia habari ifuatayo, na ameniruhusu niiandike kwa sharti moja, isisomwe kwa maikrofoni.

Mwaka 1998 mkanda ulimuua Philemon Andati, aliyekuwa akiuendesha. Ripoti inasema hapakuwa na mtu karibu.

"Mimi nilikuwa karibu, mtoto wangu," alisema. "Nilikimbia kumtafuta daktari, na daktari alikuwa ameshaitwa. Niliporudi, wamemfunika na gunia."

Nilimuuliza sifuri ilitoka wapi.

"Mimi sikupewa sifuri. Nilirudishwa mezani nikapige chapa ripoti."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Siku yangu ya kwanza hapa mimi nilibonyeza sifuri, ukurasa wa thelathini na moja. Nilikunywa chai chini ya tangi. Kama ile orodha ingekuwepo wakati huo, leo nisingekuwa na kandarasi ya kuogopea. Kwa hiyo sijatoa ukurasa, na sijaweka kumbukumbu ya majina. Jumatatu nitamwambia Bw. Chrispinus hivyo kwa maandishi. Barua nimeiandika mara sita, na ya sita haina kosa la chapa.

Mama Khalayi, asante kwa kila kikombe, na kwa kutotuuliza. Ulitupa nafasi ya kukaa pale ambapo wewe hukupewa nafasi hiyo. Nenda Navakholo kwa amani. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na king'ora, mahindi yanayokomaa kwa wakati wake, na daraja linalokaa mahali pake.

Anayetaka kusoma kadi za kwanza, au anayehofia jina lake, asinipigie simu. Njoo dirisha la pili la masjala, kati ya saa saba na saa nane, wenzangu wakiwa wameenda kula obusuma, ugali wetu wa huku. Omba fomu ya likizo. Nikikuuliza ya siku ngapi, sema sifuri. Ukikuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu, chukua fomu ya kweli, ijaze, kisha umtafute Bramwel chini ya tangi la maji. Kasha atakuwa nalo yeye. Hakuna atakayekuuliza sababu.