Mama Pini na Ufunguo wa Stoo ya Majoho

Baada ya kuwavisha wahitimu wa chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja, mtunza majoho wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili za ofisi. Sisi tunamwita Mama Pini, maana kila msimu wa mahafali huongea akiwa na pini nne mdomoni, na bado korido nzima humsikia.

Aliajiriwa kama mshonaji, akakabidhiwa majoho arobaini yaliyotafunwa na panya. Anaacha mia tatu na ishirini, yamepigwa pasi na kupangwa kwa urefu. Mkuu wa idara mmoja, mfupi kidogo, aliwahi kudai joho refu la kumfaa mkubwa. Aliambiwa, kwa adabu zote, kwamba cheo hakiongezi kimo.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa ya sindano. Mwaka wake wa tano, baba mmoja fundi bomba alirudisha joho la bintiye, akakataa kurudishiwa pesa yake ya dhamana. Alisema wake amemaliza, apewe ambaye hajamaliza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mama Pini alimjua ambaye hajamaliza: mwanafunzi aliyekuwa bwenini akifunga sanduku arudi kwao kwa kukosa ada ya mwaka wa mwisho. Dhamana moja isingetosha, basi akamwomba kila mzazi aliyekuja na joho mkononi. Mzazi aombwe siku ya furaha, hutwambia. Ukingoja wiki, ameshakumbuka shida zake. Kufikia jioni ada ilitimia na sanduku likafunguliwa.

Hivyo ndivyo ulivyoanza Mfuko wa Wazazi, ambao hadi sasa umewafikisha vijana mia moja na kumi na wanane kwenye mahafali yao.

Miaka sita iliyopita uongozi wa wakati huo uliamua majina na picha za wanaosaidiwa zibandikwe ubaoni, ili wachangiaji wajionee. Mama Pini alipinga kikaoni, hakusikilizwa. Zikiwa zimebaki siku tatu mahafali yafike, alifunga stoo, akatia ufunguo kifuani na kuketi mlangoni na cherehani yake. Alisema majoho yote ni meusi kwa makusudi, na ukumbini hakuna haja ya kujua nani alilipiwa na nani. Barua ya onyo ikaja. Aliigeuza, akaikata iwe kipimo cha kola.

Siku ya pili walikuja wazazi wachangiaji wenyewe, yule fundi bomba mbele, sasa mzee wa mvi. Walisema hawakutoa ili waonyeshwe watoto wa watu. Orodha ilichanwa mbele yetu, mlango ukafunguliwa, na vigelegele vilivyopigwa koridoni siku hiyo vilishinda vya mahafali yenyewe.

Sanduku lililofunguliwa bwenini mwaka ule lilikuwa langu, mimi ninayeandika haya. Nimefanya kazi jirani na stoo yake miaka kumi na tisa, tukinywa chai pamoja, na hajawahi kumwambia mtu, wala kunitazama kama anayenidai.

Mama Pini, umenitunzia siri yangu vya kutosha. Leo naitoa mwenyewe, kifua mbele. Asante, mama. Nenda ukapumzike, uishi kwa raha na afya, na usipige tena magoti mbele ya pindo la mtu.