Maneno Matatu ya Rós

Benchi lile liko nje ya duka la mikate, Barabara ya Falls, Belfast, na kukauka halikauki, hata Julai. Asubuhi hiyo Dympna alikaa katikati, masanduku matano ya karatasi miguuni pake, kayafunika nailoni. Zilikuwa karatasi za marehemu mama yake, Rós, aliyegonga kila mlango wa mtaa ule kudai shule ya Kiayalandi. Nyumba ya nyaraka ilikuwa inamtuma mtu kuzichukua. Lakini jana Dympna kaona mle kikaratasi chenye jina lake, maneno matatu ya Kiayalandi, na tarehe. Tarehe ile! Siku ambayo mdogo wake, Fergal, alibanwa na pumu mama akiwa milangoni mwa watu, na Dympna wa miaka tisa hakujua la kufanya. Kiayalandi chenyewe hakijui. Shule ilipofunguliwa, umri ulikuwa umempita.

— Lete nikusomee, dada, alisema Profesa, jirani aliyekaa kuliani kwake, aliyejifunza lugha hiyo gerezani, kwa kupigiana kelele na wenzake kupitia ukuta. *Maith dom é.* Mbona rahisi? *Maith* ni njema. *Dom*, kwangu. “Ni njema kwangu.”

Dympna akamnyang'anya kikaratasi.

— Njema? Siku ile?

— Basi ni wosia huo! alidakia Zege kutoka kushoto, aliyebeba saruji ya shule ile mpaka mgongo ukapinda. Mema yote kwangu. Mama kaacha mali, Dympna!

— Mali gani, wewe? alisema Profesa. Rós alikufa na koti moja.

— Mficha maradhi kifo humuumbua! Chimbueni bustani!

— Zege, methali huijui, nyamaza. Hilo ni fumbo la kuwapoteza askari wa Waingereza. Walikuwa wanafungua barua hata za mapadri.

— Askari wahangaike na Rós? Ah, profesa wa ndoo za gerezani! Mama wa watu alikuwa anafurahia majina ya wazazi walioikubali shule. Siku ile tulipata majina mengi kuliko siku zote. Kachoka, anataka kurudi nyumbani, nikamwambia mimi mwenyewe: “Mtaa mmoja tu umebaki, Rós.” Tukaumaliza! Chai, nani anataka chai?

Dympna aliinuka.

— Nitayachoma. Yote matano. Mtoto anakata roho, yeye anaandika ni njema kwake!

— Taratibu, dada, alisema Profesa. Historia ya watu hiyo.

— Historia yenu. Mimi nilikuwa nyumbani.

Ndipo gari dogo jeupe likasimama, akashuka binti mwenye koti la manjano. Jina lake Éadaoin, wa nyumba ya nyaraka, kasomea shule ileile ya Rós, tangu chekechea. Akasalimia, akaona masanduku, akaona na kikaratasi mkononi mwa Dympna.

— Naweza?

Akasoma mara moja, bila kuhesabu maneno kwa vidole kama Profesa.

— Hapa si “njema”, mama. Neno ni hilohilo, ila likikaa hivi ni kusamehe. Anasema: “Nisamehe hilo.”

Profesa akavua kofia, akaanza kuikagua kana kwamba kapoteza kitu ndani yake. Dympna akakaa chini polepole, kama mtu anayekalia kiti cha hospitali.

— Miaka arobaini, alisema. Na bado kaniomba kwa lugha aliyowapa watoto wa wenzake.

Éadaoin alikuwa na fomu yake, na kila karatasi lazima iandikwe inahusu nini. Akafungua kalamu, kwa adabu kabisa:

— Nisamehe *hilo*. Hilo lipi, mama? Alikukosea nini?

Basi likapita, likawarushia maji. Hawakusogea. Zege alikuwa kaishika chupa ya chai juu ya kikombe cha Dympna, kaiinamisha, kasahau kizibo, na halikutoka hata tone. Naye akaendelea kuishika hivyohivyo.

— Andika masanduku matano, alisema Dympna mwishowe, akimtazama Zege. Kikaratasi hiki nirudishie.