Kete Hakuiba Mezani

Marehemu binti yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kete, alizaliwa tarehe 9 Juni 2004, mtoto wa pili wa baba seremala na mama mshonaji. Baba ndiye aliyemchongea kete zake za kwanza za herufi, kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakanani.

Alimaliza sekondari mwaka 2022. Akiwa darasa la sita alimfunga mwalimu wake katika mchezo wa kupanga maneno, mwalimu akamwambia, "Wewe mtoto, niachie angalau sura ya kurudi nayo darasani."

Alifanya kazi katika duka la kuchapa kadi na mabango, akisahihisha maandishi. Hakujaaliwa kuolewa. Shangazi akimchokoza, alijibu, "Aje kwanza anifunge mezani, shangazi. Mengine tutaongea."

Februari 2024 baba alifariki. Nyumba ikapoa, mama hakugusa tena cherehani. Agosti, kwenye fainali ya mashindano ya mchezo wake wa maneno, mwamuzi alimwona Kete akipapasa kila kete alipoitoa kwenye mfuko wa mchezo. Akadhani anachagua herufi kwa vidole, jambo ambalo mezani ni wizi. Akamtoa. Kete hakujitetea, na maneno ya watu yakamfuata mpaka kazini.

Dada yake hakuelewa. Kete wa kunyamaza? Yule aliyebishana hata na redio?

Mwezi Novemba alimkuta sebuleni na kete za baba, uso ameuelekeza dirishani, vidole vikisoma.

"Huoni?"

"Naona kivuli chako. Kabla ya fainali herufi zilishaanza kunipotea."

"Na ukakubali kuitwa mwizi?"

"Ningesema nini, na mama amekaa pale mbele? Ametoka kumzika baba juzi tu. Mwache amlilie kwanza."

Madaktari walikuta uvimbe kichwani, umeshakua. Dada alimfuata mwamuzi, akamweleza. Mzee yule alikuja wodini kuomba radhi, na Kete akamshika mkono. "Yameisha, mwamuzi. Ila mama asijue kwamba nilijua mapema."

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2025, dada yake akiwa kando.

Jana, wasifu huu ulipoandikwa, dada alitaka kuliruka jambo la fainali. Mama alimzuia. "Liandike. Siku ile wodini nilikuwa mlangoni, nilisikia yote. Mwanangu alinificha maumivu yake ili nipate nafasi ya kumlilia baba yake. Haendi kaburini na jina la mwizi."

Marehemu ameacha mama, dada, shangazi, na wachezaji wenzake waliombeba leo.

Apumzike kwa amani, na asisemwe tena vibaya.